Karibu na Bei: Je, Ukarimu wa Mji Huuzika?

Lugha yetu ina maneno mawili ambayo mgeni huyasikia kabla hajayasikia mengine yote. La kwanza ni "karibu", la pili ni "bei". Katika vichochoro vya Mji Mkongwe wa Unguja maneno hayo hutoka katika kinywa kimoja, pengine kwa pumzi moja, wala msikilizaji hawezi kujua kwa wepesi ni lipi linalomtumikia mwenziwe. Muuza viungo husema karibu. Mwenye duka la vinyago na kanga husema karibu. Kijana aliyesimama mbele ya mkahawa wenye taa nyingi husema karibu, kisha huirudia kwa Kiingereza na Kitaliana. Na bibi mtu mzima aliyeketi mlangoni pake akichambua mchele, asiyekuwa na kitu cha kumuuzia mtu, naye husema karibu. Je, hilo ni neno moja, au ni maneno mawili yaliyovaa kanzu moja? Hilo ndilo swali tunalotaka kulitazama hapa, na tungependa mwalimu na mwanafunzi walitazame pamoja nasi, kwa kuwa si swali la Unguja peke yake. Lamu wanalo, Mombasa katika Mji wa Kale wanalo, na Bagamoyo nako linabisha hodi.

Wako wasemao kwamba zamani mji huu ulikuwa wa ukarimu mtupu, na kwamba fedha za watalii ndizo zilizouharibu. Kauli hiyo hupendeza masikioni, hasa masikioni mwa watu wa umri wetu, ambao huona kila kilichopita kuwa kitamu. Lakini haina ushahidi. Mji Mkongwe haukujengwa na watu waliolikimbia soko. Ulijengwa na soko lenyewe. Karafuu na pembe za ndovu ndizo zilizolipia maghorofa yake katika karne ya 19. Majahazi yalikuja na upepo wa kaskazi, kati ya Desemba na Machi, kutoka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi, yakangoja kusi igeuke ndipo yarudi kwao. Nahodha hawezi kuuamuru upepo. Alilazimika kukaa wiki nyingi, pengine miezi, katika mji usio wake, akala kwa watu na kulala kwa watu. Na aliyempokea alijua vema kwamba mwakani huenda yeye mwenyewe, au mwanawe, akawa mgeni Maskati au Bombay. Ukarimu huo ulikuwa na faida ndani yake, na wahenga hawakulificha jambo hilo waliposema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni apone.

Tena tusisahau kwamba soko hilohilo liliuza watu. Mahali palipofanyiwa mnada wa watumwa, Mkunazini, pamo ndani ya mji huu, hatua chache kutoka katika maduka ya leo. Soko hilo lilifungwa mwaka 1873, na kanisa kuu la Kianglikana likaanza kujengwa juu ya uwanja wake. Mwanafalsafa wa Kijerumani, Immanuel Kant, aliandika mwaka 1785 kwamba kitu chenye bei chaweza kubadilishwa na kingine cha thamani ileile, lakini kilicho juu ya kila bei kina hadhi. Hatuna haja ya kwenda Ujerumani kuitafuta maana ya maneno hayo. Yeyote apitaye Mkunazini anajua kwamba bei ina mpaka wake, na kwamba mji huu uliwahi kuuvuka mpaka huo mchana kweupe, kwa mizani na risiti, wala biashara haikuona haya. Basi hatuulizi kama bei iwepo au isiwepo. Tunauliza ifike wapi ikome.

Kwa upande wa pili wako wasemao kwamba kila kiletacho fedha ni chema, na anayelalamika ana wivu. Hao nao tuwasikilize, maana wanalo neno. Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, na dari zake zimeshikwa na boriti za mikoko. Ndiyo maana vyumba vyake ni virefu na vyembamba, kwa kuwa boriti haikuweza kuvuka zaidi ya urefu wake. Nyumba ya namna hiyo hunywa maji ya masika kama mtu mwenye kiu. Isipopakwa chokaa na kuzibwa paa mwaka baada ya mwaka, hufa. Serikali iliunda Mamlaka ya Hifadhi mwaka 1985, na mwaka 2000 mji ukaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Hata hivyo, tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 katika enzi ya Sayyid Barghash, iliporomoka pamoja na mnara wake wa saa, nayo ilikuwa katika kutengenezwa. Watu wawili walipoteza maisha. Mawe hayasimami kwa methali. Yanasimama kwa chokaa na mafundi, na vyote viwili hulipiwa. Anayetaka watalii wasije na aseme vilevile ni nani atakayenunua chokaa.

Basi tuache kauli kubwa na tutembee mjini kidogo. Tuanze na chakula, maana tumbo ni mwalimu asiyechoka.

Jua likizama, bustani ya Forodhani, mbele ya Ngome Kongwe, hujaa meza na moshi. Vijana huruka baharini kutoka ukutani, mmoja kichwa chini, mwingine akipinduka hewani, na watu hupiga makofi. Kuna mishkaki, kuna pweza na ngisi, kuna maji ya miwa yaliyokamuliwa pamoja na tangawizi na ndimu. Kuna urojo, ule mchuzi wa manjano wenye ukali wa embe na ndimu, unaotiwa viazi, bajia, kachori na chatne. Na kuna kile kiitwacho pizza ya Zanzibar, chapati nyembamba iliyokunjwa juu ya nyama na yai, ambayo hapana Mtaliana atakayeitambua ila kwa jina. Bustani hii ilifanyiwa matengenezo makubwa na kufunguliwa upya mwaka 2009, na jambo jema kuhusu Forodhani ni kwamba mwenyeji hakufukuzwa. Familia kutoka Ng'ambo huja na watoto wao, hukaa juu ya ukuta, na hula urojo kando ya mgeni aliyetoka mbali.

Lakini mwanafunzi makini ataona kwamba chakula kimoja kina bei mbili. Mwenyeji huuziwa kwa bei moja na mgeni kwa nyingine, iliyo kubwa zaidi. Je, ni dhuluma? Wengine husema ndiyo, kwa kuwa pweza ni yuleyule. Wengine husema ni haki, kwa sababu kila mtu na achangie kwa kadiri ya uwezo wake, na nauli tu ya huyo mgeni ingemlisha mchuuzi mwaka mzima. Sisi tunaona kwamba bei mbili, zikiandikwa wazi juu ya meza, hazina ubaya wowote. Hata nyumba za makumbusho duniani hufanya hivyo na hapana anayelia. Ubaya huanza pale bei ya pili inapofichwa nyuma ya tabasamu. Mgeni huambiwa "karibu, rafiki", hushikwa mkono, huonjeshwa, huulizwa habari za kwao, na akishakula ndipo hutajiwa hesabu. Bei ile yaweza hata kuwa ya haki. Kilichoharibika ni lile neno la mwanzo. Karibu imefanywa chambo. Na mvuvi akishamzoesha samaki chambo kibovu, siku ya chambo chema samaki hatakuja.

Tukivuka mji kuelekea mashariki tunafika Darajani. Jina hilo ni la daraja lililokuwa likivuka hori la bahari, lililoutenga Mji Mkongwe na Ng'ambo. Hori lilikwisha kufukiwa katika karne ya 20, jina likabaki. Soko lake la samaki, nyama na viungo lilijengwa mwaka 1904. Huko bei hubishaniwa. Sikiliza:

"Hii ngapi, mwanangu?"

"Elfu tano tu, mama."

"Elfu tano! Unaniuzia na duka? Nipe kwa tatu."

"Mama nawe! Mzigo wenyewe umepanda. Haya, lete nne, lakini usimwambie mtu."

Mtu asiyezoea hudhani hao wanagombana. Sisi tunaita kupatana bei, na hapa tungewaomba walimu wa Kiswahili wasimame kidogo na wanafunzi wao. Kitenzi ni "pata", nacho kimevaa kauli ya kutendana: muuzaji anampata mnunuzi, na mnunuzi anampata muuzaji. Waliokosana wakisuluhishwa, tunasema pia wamepatana. Yaani lugha imeona kwamba katika kubishania bei kuna jambo zaidi ya fedha. Kuna watu wawili wanaotafutana mpaka waonane. Ndiyo maana mama yule huitwa mama na kijana yule huitwa mwanangu, ingawa hawajapata kuonana. Lakini lugha hiyohiyo ina neno jingine. Fedha ikishapokewa na bidhaa ikishatolewa, tunasema "tumemalizana". Neno zito hilo. Deni limekwisha, na kwa namna fulani uhusiano nao umekwisha. Hapana mwenye haki ya kumwita mwenziwe akigeuka. Kinyume chake, uliyekula kwake bila kulipa hakwambii mmemalizana. Hukusindikiza mpaka njiani na kukwambia usiisahau njia. Amekuacha na deni makusudi, na deni hilo ndilo uzi unaowafunga.

Kwa maoni yetu hapo ndipo tofauti kubwa ilipo. Bei hufunga hesabu, ukarimu huiacha wazi. Vyote viwili vinahitajika, maana mji ambao kila mtu ana deni kwa kila mtu haungeweza kufanya biashara hata siku moja. Lakini mji ambao watu wote wamemalizana na wote si mji tena.

Ushahidi wa jambo hili umejengwa kwa mawe. Baraza la Mji Mkongwe ni benchi lililoungwa na ukuta wa nyumba, kwa nje, aghalabu pande zote mbili za mlango. Ni mali ya mwenye nyumba. Yeye ndiye aliyelipia mawe na chokaa. Lakini anayelikalia ni yeyote. Wazee hucheza bao juu yake, watoto hudurusu Kurani, muuza kahawa huliweka dele lake na vikombe vyake vidogo, na mvua kubwa inapogeuza uchochoro kuwa mto, wapita njia hupanda barazani na kutembea juu yake kama juu ya daraja. Katika njiapanda ya Sokomuhogo, mahali paitwapo Jaws Corner kwa jina la filamu ya papa ya mwaka 1975, mabaraza yanatazamana, na kila jioni watu hunywa kahawa chungu, hucheza dhumna, na hubishana siasa na mpira mpaka sauti zikauke. Kikombe cha kahawa kina bei, nayo ni ndogo. Kiti hakina bei kabisa. Tufikirie vizuri jambo hilo: mtu amechukua sehemu ya mali yake akaijenga nje ya mlango wake ili itumiwe na asiowajua. Hapana sheria iliyomlazimisha.

Na baraza ni mwanzo tu wa ngazi. Baada yake kuna mlango, ule wa mbao nzito uliochorwa minyororo, mawimbi na maua ya yungiyungi. Nyuma ya mlango kuna daka, chumba cha kupokelea, chenye kuziba jicho la mpita njia lisione ua. Kisha kuna sebule ya mgeni aliyealikwa. Kisha kuna ndani, ambako jamaa tu huingia. Nyumba hii inasema karibu kwa daraja, na kila daraja lina adabu yake. Wala mtu asidhani kwamba mlango uliofungwa unapunguza ukarimu wa baraza, ndio unaouwezesha. Mwenye mahali pa kujisitiri ndiye anayeweza kuwakaribisha wengine kwa moyo mweupe.

Sasa tazama yanayotokea nyumba kama hiyo inapogeuzwa hoteli. Mgeni aliyelipa hupita mlango, hupita daka, hupita sebule, hupanda mpaka chumba cha ndani kilichokuwa cha bibi harusi, na hatimaye hunywa chai juu ya paa akitazama nyua za majirani. Na kule nje tumeona mabaraza yaliyopangwa vyungu vya maua kutoka mwanzo hadi mwisho, vikubwa na vizuri, ili asikae mtu. Kila kilichokuwa wazi kimefungwa, na kila kilichokuwa kimefungwa kimefunguliwa, na ufunguo ni fedha. Hapana jiwe lililovunjwa. Mkaguzi wa majengo atapita na kuandika kwamba nyumba imehifadhiwa vema, naye atakuwa amesema kweli. Hata lile lalamiko la kila siku, la wageni wapitao mbele ya misikiti kwa mavazi ya ufukweni, sisi tunaliona ni tawi la mti huo. Mgeni aliyenunua njia kutoka uwanja wa ndege mpaka paani hakupata kubisha hodi popote. Atajuaje kwamba amo nyumbani kwa watu?

Usiku una funzo jingine, nalo linatuzuia tusiitupie fedha lawama yote. Taarab ya Unguja ni ya mji huu. Chama cha Akhwani Safaa kilianzishwa mwaka 1905, na Siti binti Saad, aliyekuja mjini kutoka Fumba akiuza vyungu, ndiye aliyeifanya sauti ya Kiswahili isikike katika sahani za santuri, zilizorekodiwa Bombay kuanzia mwaka 1928. Atakayehudhuria taarab ya arusi ataona fedha ikitembea waziwazi. Mwanamke husimama, hujongea mbele kwa madaha, noti ikiwa juu ya vidole, humtuza mwimbaji, na hurudi mahali pake. Noti ile si bei, maana wimbo ungeendelea hata asingesimama. Anatunza kwa sababu ubeti umemgusa, au kwa sababu angependa umguse jirani yake aliyeketi safu ya nyuma! Fedha hapo imekuwa usemi, nayo badala ya kuwamaliza watu inawaunganisha, ama kwa mapenzi ama kwa vijembe. Mgeni aliyekata tiketi akaketi kimya mbele ya wanamuziki watatu wakati wa chakula cha jioni amesikia nyimbo hizohizo. Hakudanganywa. Lakini hakuna aliyemtazama.

Mwalimu Nyerere, katika insha yake ya mwaka 1962 kuhusu Ujamaa, alikumbusha methali isemayo mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mtu anaweza kutujibu kwamba mtalii halimi kwa kuwa analipa; fedha zake ndizo jembe lake. Hoja ina nguvu, na tumeifikiri sana. Hata hivyo twaona haifiki mwisho. Jembe halikukusudiwa kumtoza mgeni gharama ya ugali wake wa siku mbili. Lilimpa nafasi katika safu, kati ya Fulani na Fulani, akatoka jasho pamoja nao na kujua jina la shamba. Fedha humpa mgeni uwezo wa kutopewa jembe. Asiyetaka kujuana na mtu amenunua haki hiyo, nayo ni haki halali. Ila tusimwambie kwamba amekwisha kuwa mwenyeji.

Na mwenyeji ni nani? Hili ndilo linalotutia wasiwasi kuliko vyungu vya maua. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 nyumba nyingi za mji huu zilikuwa mali ya Serikali, na familia nyingi, wengine kutoka mashamba na Pemba, walipewa vyumba humo. Walibanana, na majumba mengi yakachakaa, lakini mitaa ilikuwa na watu wa kuitana kwa majina. Leo nyumba ikitengenezwa vizuri, aghalabu kodi yake humshinda aliyeishi ndani yake ilipokuwa inavuja. Huhamia nje ya mji, na asubuhi hurudi kwa daladala kuja kupika, kufagia na kubeba mizigo. Huyo ndiye anayesimama mlangoni na kumwambia mgeni karibu. Neno lake si la uongo, wala hatumdharau. Anatunza watoto kwa neno hilo. Lakini anakaribisha katika nyumba isiyo yake, kwenye mtaa ambao usiku hatakuwamo. Sheria ya hifadhi ina vifungu vya milango na madirisha. Ingefaa wenye mamlaka wafikirie pia kifungu cha mpangaji: kwamba katika kila mtaa zibaki nyumba kadhaa za kodi nafuu, kwamba duka la mkate na madrasa visikose mahali, na kwamba baraza liandikwe katika leseni ya hoteli kuwa ni la kukaliwa.

Walimu wa shule za mjini nao wana kazi inayowangoja. Wanafunzi hupelekwa kutazama Ngome Kongwe na majumba ya kifalme, na hilo ni jema. Wapelekwe na barazani. Mabaraza yaliyokaliwa miaka mingi yana majina na historia zake, na nyingi hazijaandikwa popote. Wamwulize kila mzee: baraza hili liliitwaje, ni nani alilijenga, walikaa watu gani, walizungumza nini, nalo liliacha kukaliwa mwaka gani na kwa sababu gani. Waandike na bei ya kahawa ya wakati ule. Wazee wanaokumbuka wangali wako Kiponda, Malindi na Mkunazini, na saa nzuri ya kuwapata ni baada ya sala ya alasiri, jua likishapungua uchochoroni.